Uwanja wa Bi Magugu

Watu wa maghorofa yale walimbandika jina la Bi Magugu siku ile ile alipoingia getini akisukuma mkokoteni uliojaa majani ya kando ya reli. Walikuwa wamezoea kumwona akitoka na magugu, si kuingia nayo. Mlinzi wa geti, bwana mmoja aliyeitwa Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona utosi wake, alishika kiuno akacheka mpaka akapaliwa.

"Dada, leo umepotea njia? Jalala liko upande ule."

Bi Magugu alisukuma mkokoteni hadi katikati ya uwanja, akapiga magoti, akaanza kupanda.

Jina lilimganda, naye akaliacha limgande. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vikavu na ulimi usiokauka, na uwanja ule uliokaa katikati ya majengo mawili alikuwa ameutunza tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Muda wote huo alikuwa mtumwa wa nyasi za dukani, zile zinazoletwa zimekunjwa kama mikeka. Zinakunywa maji asubuhi, zinakunywa maji jioni, na bado kiangazi kikianza tu zinageuka rangi ya gunia. Wapangaji walikuwa wakipanga foleni bombani na ndoo zao huku wakitazama mpira ukimwagia majani maji ambayo wao hawakuwa nayo ya kuogea. Basi hapo maneno yangekosekana vipi? Yalisemwa, na mengi alisemwa yeye, kana kwamba ndiye aliyekuwa akiyanywa.

Ndipo, kabla ya siku ile ya mkokoteni, Mwenyekiti wa wapangaji akaja na dawa yake. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa shati lililonyooshwa, na alikuwa na gari kuukuu jeupe alilolipenda kupita kiasi. Alisema uwanja ung'olewe wote, upangwe vitofali vya saruji, magari yapate pa kulala na maji yabaki ya watu. Haikuwa hoja ya kijinga. Hata Bi Magugu mwenyewe, aliposimama nyuma ya kikao akisikiliza, aliona kwamba haikuwa ya kijinga, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Maana vitofali havihitaji mtunza bustani. Na chumba alichokaa, kile kilichobanana na tangi la maji nyuma ya jengo la pili, kilikuwa chumba cha kazi. Kazi ikiondoka, chumba kinaondoka nayo. Angekuwa peke yake angejikung'uta akaenda zake, kwani hajawahi kuogopa kuanza upya. Lakini ndani ya chumba kile alikuwa na mama yake. Mama huyo alikuwa amelima maisha yake yote, na sasa umri ulikuwa umeanza kumchezea. Leo anakumbuka jina la ng'ombe aliyekufa zamani, kesho anauliza choo kiko wapi. Kule shambani hakukuwa na mtu tena wa kumwangalia. Hakuwa na mahali pengine pa kumlaza.

Kwa hiyo alinyoosha mkono kikaoni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akaomba apewe kiangazi kimoja. Alisema ataondoa nyasi za dukani, atapanda majani ya porini ya hapa hapa: ukoka wa mwitu unaotambaa, kongwe yenye vijiua vya buluu, na kile kitambaazi cha maua ya njano ambacho hana hakika kama kina jina. "Hayo hajawahi kuyamwagilia mtu," alisema, "na kila mwaka mnayakuta."

"Kiangazi kimoja," Mwenyekiti alikubali. "Kikiisha tutakaa kikao hapa hapa uwanjani. Nikikuta ardhi imefunikwa, tutayaacha majani yako. Nikiona udongo, naleta vitofali."

Nikiona udongo. Maneno hayo mawili Bi Magugu aliamka nayo na kulala nayo.

Kazi aliifanya kwa roho moja. Kila alfajiri alikwenda relini na mkokoteni, akachimbua vipande vyenye mizizi, akarudi kuvipachika. Akirudi alikaa kizingitini kwake na kuchambua upindo wa sketi, kwa sababu kule relini kulikuwa na kishona nguo tele, vile vijisindano vyeusi vya mbegu vinavyong'ang'ania nguo kama mkwe asiyetaka kuaga. Alivibandua kimoja kimoja na kuvitia kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, likijaa akavichome. Kipande kimoja tu kikidondoka uwanjani, baadaye una shamba la kishona nguo, na hilo ni gugu hata kwa mtu anayeitwa Bi Magugu.

Na majani yalishika. Ukoka ulitupa kamba zake huku na huku, kongwe ikajaza palipobaki, na kile kitambaazi kisicho na jina kikavuka hadi kwenye ngazi. Jua likawaka, bomba likatoa upepo badala ya maji, miti ya barabarani ikapukutika, na uwanja ukabaki wa kijani. Si kijani cha picha, mnielewe. Kilikuwa kijani chenye mabaka, kirefu hapa, kifupi pale, chenye nyuki. Lakini watoto walikuwa wakijilaza juu yake mchana, na mama zao hawakuwaita ndani. Kofia alihamisha kiti chake kutoka kwenye lami akakiweka ukingoni mwa majani, akisema eti pale pana upepo.

Kikao kilipokuwa kimekaribia, likatokea la kutokea.

Asubuhi moja Bi Magugu alirudi kutoka relini akakuta kidonda kando ya ngazi. Kilikuwa na ukubwa wa sinia. Majani hayakuwa yamekauka wala kukanyagwa. Yalikuwa yameng'olewa, tena kwa ustadi, mzizi na kila kitu, na udongo ukasawazishwa kwa kiganja. Alichuchumaa akapitisha vidole. Kuku hafanyi hivi, wala mbwa. Huu ulikuwa mkono wa mtu.

Alipachika vipande vipya akanyamaza. Kesho yake alfajiri alikwenda relini kutafuta vingine, na aliporudi alikuta vidonda viwili zaidi, na kile cha jana kimeng'olewa tena. Akaenda tena relini, akarudi, akakuta vingine. Ikawa kadiri anavyokwenda kutafuta majani ya kuziba, ndivyo udongo unavyozidi kufumuka nyuma yake. Mama yake alimwambia, "Unajiumiza na kazi, mwanangu. Umekonda." Akamjibu kwamba ni joto tu, akageuka kuficha uso.

Akili yake ilizunguka ikatua kwa Kofia. Nani mwingine anakaa pale macho mchana kutwa? Na nani asiyejua kwamba shemeji yake Kofia ni fundi wa kupanga vitofali, na kwamba kazi ile ikija itamwangukia yeye? Mawazo ya namna hiyo yakishaingia kichwani hayahitaji ushahidi, yanajitafutia yenyewe. Akakumbuka alivyocheka siku ya mkokoteni. Akakumbuka kwamba siku hizi akipita getini Kofia anatazama viatu vyake.

Alimfuata mchana, watu wakiwa wanapita.

"Nani anang'oa majani yangu?"

Kofia alisimama. "Dada, taratibu."

"Taratibu ya nini! Wewe unakaa hapa, unaona hata nzi akiingia. Nani anang'oa? Au shemeji yako amekuahidi kitu?"

Uso wa Kofia ulibadilika. Alitazama upande wa tangi la maji, kisha akamrudishia macho. "Umemaliza?"

"Sijamaliza. Nina mama mzee mle ndani. Ukimtoa kwenye chumba chake, laana iwe juu yako na juu ya hiyo kofia yako."

"Basi maliza," alisema Kofia kwa sauti ya chini. "Siku utakayojua, utakuja hapa mwenyewe kwa miguu yako." Akachukua kiti chake, akakigeuza kikatazama barabara, akakaa akimpa mgongo.

Bi Magugu alirudi chumbani. Alikuwa na hakika. Kilichobaki ni kumfumania.

Alfajiri iliyofuata alitoka na mkokoteni kama kawaida, akahakikisha magurudumu yanapiga kelele. Aliuacha kwenye kona ya kwanza, akarudi kwa unyayo. Geti lilikuwa wazi nusu na kiti cha Kofia kilikuwa kitupu. Sasa leo, alijiambia, leo nimekupata.

Kofia alikuwa uwanjani kweli, amechuchumaa. Lakini mikono yake alikuwa ameikunja kama mtu anayeomba, na mbele yake, amepiga magoti juu ya majani, shuka limefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shamba, alikuwa mama yake Bi Magugu.

"Bibi, nakuomba," Kofia alikuwa akisema. "Hayo siyo magugu."

"Wewe mtoto wa mjini utaniambia mimi gugu ni lipi?" Bibi hakuinua hata kichwa. Mikono yake ilikwenda kasi ajabu, kidole cha shahada na gumba vikishuka hadi kwenye shingo ya mzizi, vikazungusha kidogo, vikavuta. Kando yake kulikuwa na lundo, limepangwa vizuri, mizizi yote upande mmoja. "Hili ni ukoka. Ukiuacha unakula mahindi. Mwanangu anapambana nao peke yake kila siku na haumwishi. Ondoka hapo kwenye mwanga."

Bi Magugu alisimama getini akishika chuma.

Bibi alipomwona alitabasamu, tabasamu la mtoto aliyefumaniwa na zawadi mgongoni. "Ah! Umeniharibia. Nilitaka nimalize ndipo uone."

Na Bi Magugu akapiga kelele. Sitasema alichosema, kwa sababu mwenyewe hapendi kikumbukwe. Alimpigia mama yake kelele ambazo hajawahi kumpigia mtu, mpaka madirisha ya ghorofa ya juu yakafunguliwa. Bibi alibaki amepiga magoti, mkono mmoja bado umeshika shina, akitazama kinywa cha bintiye bila kuelewa. Kisha akaanza kufuta udongo kwenye vidole vyake, kimoja kimoja, kwa shuka. "Nilikuwa nakusaidia," alisema.

Kofia ndiye aliyemnyanyua akampeleka ndani. Aliporudi, Bi Magugu alikuwa amekaa chini katikati ya vidonda vya uwanja wake.

"Siku ya kwanza nilidhani umemtuma," Kofia alisema. "Anapalilia, mtu mzima, nikamletea na beseni. Akaniapisha nisikwambie, anataka kukushtukiza. Ulipokuja kuniwakia ndipo nikajua kumbe anaharibu. Nikamkataza. Akalia. Sasa ningefanyaje, nimkamate mkono mama yako?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia." Alivuta kofia mbele. "Ila ulinitukana mbele za watu, dada. Na mimi nina moyo."

Alimwomba radhi hapo hapo, chini pale pale, na Kofia akapokea kwa kukohoa. Halafu wakachukua lile lundo. Ukoka una roho ngumu, fundo moja la shina likikaa kwenye udongo wenye unyevu linaweza kushika. Walirudisha kila walichoweza kurudisha, na Kofia, ambaye hakuwa amewahi kupanda kitu maishani, alipanda kichwa chini miguu juu mpaka alipoelekezwa.

Jioni Bi Magugu alikaa na mama yake kitandani, akamshika mkono, akaeleza. Alieleza pole pole kuhusu maji, na Mwenyekiti, na udongo, na chumba. Bibi alisikiliza kwa makini. Alikuwa na akili zake zote jioni ile, aliuliza hata swali. "Kwa hiyo hayo ndiyo mazao?" "Ndiyo mama, hayo ndiyo mazao." Bibi akatikisa kichwa, akasema dunia imegeuka, akaapa hatayagusa tena, na akamwomba mwanawe msamaha. Wakalia wote wawili, wakacheka kidogo pia.

Alfajiri Bi Magugu aliamka akakuta kitanda cha pili kitupu na mlango wazi.

Alimkuta amefika kwenye mstari wa pili. Hakupiga kelele safari hii. Alimwinua kwa kwapa, akamrudisha, akamkalisha. Bibi alikuwa ameelewa jana. Mikono yake haikuwa imeelewa, na mikono ndiyo inayoamka kwanza.

Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kikao. Vidonda vilikuwa vingi na vipande havikutosha, ilikuwa lazima aende relini. Kofia siku ile hakuwa na zamu hadi mchana. Bi Magugu alisimama mlangoni na kufuli mkononi kwa muda mrefu. Ndani, mama yake alikuwa akinywa chai, akipuliza kikombe.

"Nakuja sasa hivi, mama."

"Nenda salama."

Akavuta mlango, akapitisha kufuli, akalibana. Lililia kwa sauti ndogo tu, lakini alilisikia njia nzima. Kule relini alichimba kama mtu anayeiba. Alikata mizizi vibaya, akajikata na yeye, akajaza mkokoteni nusu, akageuza. Alikimbia na mkokoteni barabarani, watu wakimpisha. Kichwani alimwona mama yake akigonga mlango na hakuna wa kusikia. Alimwona ameanguka. Alimwona amekaa akimwita mume wake aliyekwisha kufa. Alipofika mlangoni funguo zilimdondoka, akaziokota, na ndani hakukuwa na sauti yoyote.

Bibi alikuwa amekaa sakafuni. Hakuwa ameanguka wala hakuwa akilia. Chumba kile kilikuwa na kipande cha zulia la kijani, mpangaji mmoja alikitupa wakakiokota, na Bibi alikuwa amepiga magoti pembeni mwake. Aling'oa nyuzi. Kidole cha shahada na gumba, chini hadi shingoni, kuzungusha, kuvuta. Alikuwa amemaliza ukingo mmoja wote na kuingia ndani kama kiganja, na lundo la nyuzi lilikuwa kando yake, limepangwa, ncha zote upande mmoja. Kucha mbili zilikuwa zinatoka damu.

"Limebaki kidogo tu, mwanangu," alisema.

Bi Magugu alikaa naye sakafuni. Alimfunga vidole kwa kitambaa. Kisha akatoka, akalichukua lile kufuli akalitupa kwenye pipa la taka, na funguo zake juu yake.

Kikao kilikaa kesho yake alasiri, viti vikatolewa nje. Wapangaji walijaa, kila mmoja na lake. Bi Magugu alimkalisha mama yake kando yake na kumshika mikono yote miwili mapajani, kwa nguvu, kana kwamba ni kwa mapenzi tu. Mwenyekiti alizunguka uwanja mikono nyuma. Alipita kwenye ukoka, akapita kwenye kongwe, akaruka nyuki. Watu walimfuata kwa macho. Palikuwa pazuri, hata asiyependa alijua hivyo. Kisha akafika kando ya ngazi, kwenye vipande vilivyopachikwa jana, vimelala chali vimenyauka, na kati yao kitu kisichofichika.

"Hapa naona udongo," alisema.

Akapiga hatua mbili.

"Na hapa. Na kule pia."

Bi Magugu alikuwa ameandaa maneno kuhusu ugonjwa wa mizizi, lakini Kofia, aliyesimama nyuma, alijitia kati. "Ni panya, Mwenyekiti. Panya wakubwa sana. Nimewaona mwenyewe."

"Panya gani?" Bibi alisema kwa sauti iliyofika ghorofa ya juu. "Nimepalilia mimi. Na bado sijamaliza."

Kuna waliocheka, kisha wakaona hakuna anayecheka nao. Mwenyekiti alikuja akasimama mbele ya yule ajuza, akainama, kwa adabu ya mwalimu. "Kwa nini, Bibi?"

"Mwanangu anafanya kazi peke yake," Bibi alisema. "Hana wa kumsaidia."

Mwenyekiti alinyooka. Alitazama vitambaa kwenye vidole vya Bibi, akatazama uwanja, akatazama gari lake jeupe nje ya geti, juani. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa ametoa neno lake mbele ya watu, na watu walikuwa wakimsubiri.

"Uwanja ubaki," alimwambia Bi Magugu mwishowe. "Ila kwa sharti. Ukitoka, mama, Bibi abaki ndani na mlango ufungwe. Kwa usalama wake pia. Nikiona tena udongo mbichi, sitaita kikao kingine. Tumeelewana?"

Wapangaji walipiga makofi. Dada mmoja wa ghorofa ya juu alipiga hata kigelegele. Bi Magugu alihisi mikono ya mama yake ndani ya mikono yake, ile miwili midogo migumu, ikijaribu kutoka.

"Tumeelewana," alisema.

Usiniulize kama alidanganya. Alikwisha shinda, na hakuna mtu aliyewahi kushinda huku amebanwa vile. Amfunge, amwone anang'oa nyuzi mpaka zulia liishe, kisha sijui nini. Asimfunge, waende wote barabarani. Alimrudisha mama yake chumbani akakaa kizingitini, na kwa mazoea tu mkono wake ukaanza kuchambua upindo wa sketi. Alibandua kijisindano kimoja cheusi, akafungua kopo la maziwa kukitia. Kopo lilikuwa limejaa. Kiberiti kilikuwa dirishani, mahali pake.

Kiberiti alikiacha pale pale, akainuka akaenda kuokota makopo matupu jalalani.

Wiki zile za kwanza hakufunga mlango. Alimpakia mama yake kwenye mkokoteni akaenda naye relini kila alfajiri, Bibi amekaa wima kama bibi harusi, akiwasalimu watu. Mvua zikaanza. Vidonda vikafunga, kamba za ukoka zikavuka ngazi hadi zikahitaji kukatwa, na safari za relini zikaisha. Kufikia wakati huo, nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hakuna dirisha linalotazama, palikuwa na safu ya makopo yenye miche, na mbele yake kipande cha udongo mtupu kinachotosha mtu mmoja kupiga magoti.

Siku moja Mwenyekiti alifuata bomba linalovuja, akamkuta. Bi Magugu alikuwa na kopo mkononi, akipandikiza miche ya kishona nguo, gugu ambalo hakuna mwenye akili timamu amewahi kulipanda. Alipanda bila mstari, mmoja hapa, mmoja pale, kama linavyoota lenyewe. Mwenyekiti alitazama miche, akatazama udongo. Bi Magugu alilificha kopo nyuma ya sketi.

"Nyuma ya tangi huwa sipiti," Mwenyekiti alisema, akarudi alikotoka. Bomba lilibaki likivuja.

Tangu hapo kila jioni, Bibi akishakula na kujinyoosha, binti yake huenda nyuma ya tangi akapanda. Na kila asubuhi Bibi huamka, hujifunga shuka kiunoni, hutoka, na hushika mashavu.

"Yameota tena!"

"Yameota, mama."

"Usiku mmoja tu!"

"Usiku mmoja tu."

Bibi hupiga magoti, akashusha vidole vyake hadi kwenye shingo ya mzizi. "Wewe nenda kwenye kazi zako, mwanangu," humwambia. "Haya niachie mimi."